Nusu ya Ukuta wa Phororong

Phororong, 29 Novemba 2009

Kwa Bibi yangu 'MaPoloko, Ha Ralejoe,

Shikamoo Bibi. Natumaini wewe na kuku wote ni wazima, na yule jogoo Waziri amepona mguu. Mimi sijambo isipokuwa masikio, yaliziba tulipofika mlima wa tatu na mpaka leo yanapiga filimbi. Mtihani ulikwenda salama, majibu ni mwisho wa Januari. Naandika barua kwa sababu simu hapa inashika juu ya kilima cha mbuzi tu, na yako wewe najua ilikoishia. Pole tena. Nani alijua kwamba chungu cha pombe kina kina kirefu hivyo.

Barua hii nimempa dereva Sekake mkononi kama ulivyoagiza, siyo yule utingo wake anayefungua za watu.

Mdogo wako, Bibi 'MaSeeng, amenipokea vizuri. Alinitazama kutoka miguuni hadi kichwani akasema, "Una paji la uso la dada yangu. Na ukaidi je, umeubeba pia?" Nikapiga chafya.

Wewe unanijua. Shuleni nimefundishwa Kisotho na Kiingereza, na watu hudhani mwenye lugha mbili ana maneno mara mbili. Mimi nina kimya mara mbili. Hapa wageni ni wengi, wapo wanaoteremka majabali kwa kamba kama buibui, wapo wanaochora, wapo waliokuja kuteremka mto kwa maboti ya mpira. Ila mto mwaka huu una maji ya kuoshea vikombe tu. Maboti ya bwana Gerrit yamelala ukingoni kama ng'ombe wanaocheua, na Gerrit mwenyewe anatazama mawingu kama mtu anayemngoja mdeni wake.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni ukuta. Ukuta wa mbele wa nyumba hii, nyumba ya mama yenu. Kushoto kwa mlango umepakwa udongo mpya na kuchorwa vizuri sana, mistari kama shamba lililolimwa jana, na nukta nyeupe katikati kama mbegu. Kulia kwa mlango, hakuna kitu. Udongo mtupu. Si kwamba umebomoka, umelainishwa vizuri na kuachwa.

Wageni wanaupiga picha kila siku. Mama mmoja mchoraji kutoka Durban alisimama mbele yake robo saa nzima, kisha akasema kwa Kiingereza kwamba hajawahi kuona kazi inayosema ukweli hivyo kuhusu upweke wa binadamu.

"Anasemaje?" Bibi mdogo akaniuliza.

"Anasema ni nzuri."

"Mwambie haijaisha."

Sikumwambia. Baadaye nikakusanya ujasiri wote wa wiki nikamuuliza Bibi mdogo kwa nini haiishi. Akasema, "Upande ule si wangu. Muulize mwenyewe." Nikauliza mwenyewe ni nani. Akaenda kukoroga uji, na uji wenyewe ulikuwa umeshaiva.

Bibi, mwenyewe ni nani?

Mjukuu wako,
Keneuoe


Ha Ralejoe, 13 Desemba 2009

Mjukuu wangu Keneuoe,

Barua yako imekaa njiani siku tisa. Sekake anasema ni gurudumu. Mimi nasema ni yule mjane wa pale njia panda, lakini sikuulizwa.

Sisi wazima. Waziri mguu umepona, adabu haijapona. Juzi amempanda mzee wa kanisa mgongoni akiwa amepiga magoti anatuombea mvua. Mvua yenyewe haijaja. Mahindi yamesimama kama watoto walioahidiwa nyama. Kwaya imepata mwalimu mpya, mwembamba, anatufundisha kuimba kwa kufungua mdomo kama tunamwonyesha daktari jino.

Umeuliza kuhusu ukuta. Soksi zako za sufu umezisahau chini ya kitanda, nimezifua.

Kula vizuri. Wasaidie kazi, usikae na kitabu mpaka watu wakudhanie mgonjwa. Mtoni usiingie. Aliyekufundisha kuogelea ni beseni.

Je, pombe ya huyo mwenyeji wako bado inaumiza watu kichwa? Nauliza tu.

Bibi yako,
'MaPoloko


Phororong, 27 Desemba 2009

Shikamoo Bibi, na heri ya Krismasi iliyopita. Ahsante kwa soksi, zimefika zikiwa na mchele ndani, na mchele umefika salama. Huku tulichinja kondoo. Bibi mdogo alinipa figo zote mbili bila kueleza, nikazila bila kuuliza. Nadhani hivyo ndivyo tunavyopendana hapa.

Hukunijibu kuhusu ukuta. Niliisoma barua mara tatu nikitafuta, hata ndani ya bahasha.

Umeuliza kuhusu pombe. Siku ya Krismasi mchunga farasi mmoja alipewa kibuyu kimoja. Akanywa kidogo, akasema ahsante mama, akatoka nje akamnywesha farasi kilichobaki. Farasi alimtazama.

Tarehe 20 Februari kutakuwa na sikukuu ya mto hapa: mbio za farasi, maboti kama maji yatakuwepo, na kina mama wote watachora kuta zao, watu wapite wakitazama nyumba hadi nyumba. Bibi mdogo ataonyesha nusu yake, kama kila mwaka. Sasa nakiri jambo. Siku moja alipokwenda kisimani nilichukua udongo kidogo na samadi nikapaka upande wa kulia, kipande cha ukubwa wa kiganja tu. Nilitaka kuona mkono wangu unaweza. Aliporudi hakunigombeza. Alileta kisu cha mkate, akakibandua taratibu, kama mtu anayemtoa kupe mbwa anayempenda.

"Mimi miaka ishirini na sita sijaugusa," akasema. "Utakuja kuugusa wewe wa juzi?"

Nimepiga hesabu, Bibi. Miaka ishirini na sita iliyopita ndipo wewe ulipohamia Ha Ralejoe. Mwenyewe ni wewe.

Njoo kwenye sikukuu. Siombi vitu mara nyingi, unajua. Ombi langu la mwisho lilikuwa kalamu za rangi, darasa la tano. Sasa naomba hili: njoo umalize nusu yako. Nataka kuuona ukuta mzima kabla sijaondoka hapa.

Bwana Gerrit amenialika niingie kwenye boti siku maji yatakapojaa. Nilimwambia naumwa tumbo. Akasema, lakini maji bado hayapo. Nikasema najua.

Keneuoe


Ha Ralejoe, 8 Januari 2010

Keneuoe,

Tumeuingia mwaka salama. Mvua bado. Mwalimu wa kwaya ameugua koo, tumeimba vizuri sana bila yeye.

Siji.

Sababu ni hizi. Magoti. Kuku. Waziri, ambaye hakuna jirani anayekubali kulala naye kijiji kimoja nisipokuwepo. Na Sekake huendesha lile basi kama anawakimbia wakwe. Zaidi ya hayo, kuna watu waliofanya kazi kwa mikono yao na majina yao hayakuandikwa. Kama ukuta unataka kumalizwa, waulizwe walioandikwa.

Hilo la mwisho sikutaka kuliandika, na penseli yangu haina kifutio. Lipite.

Mwambie mdogo wangu simtumii salamu.

Bado anachora kwa uma? Mama yetu alichora kwa kidole gumba. Uma ni wa nyama.

'MaPoloko


Phororong, 17 Januari 2010

Shikamoo Bibi. Tu wazima, ila nyumba nzima ina aibu na sijui nianzie wapi.

Salamu ambazo hukutuma nilizifikisha. Bibi mdogo akasema, "Mwambie nimezipokea."

Jana Jumamosi bwana Gerrit alifanya majaribio ya sikukuu. Alitaka wageni watembee kutoka barabara kuu hadi ukingo wa mto, mbele ya nyumba yetu, bila kupotea. Kwa hiyo bendera zikawa zimewekwa njia nzima. Bendera arobaini. Nyeupe.

Najua. Wewe umetundika bendera nyeupe kila Ijumaa tangu kabla sijazaliwa, huhitaji kuambiwa: nyekundu ni nyama, kijani ni mboga, nyeupe ni pombe ya mtama imeiva, karibuni. Bendera moja ni mtungi mmoja. Arobaini, Bibi, ni harusi ya mfalme.

Kufika saa nne asubuhi walikuwa wameanza kuteremka. Wachungaji kutoka vijiji vya juu, na mablanketi yao na farasi. Wazee watatu wa kanisa kila mmoja akijifanya hawaoni wenzake. Mzee mmoja alikuja na punda mwendo wa saa tatu, kikombe chake kimefungwa shingoni mwa punda kama kengele. Wote wakafuata bendera, na bendera ya mwisho iko uani kwetu, ambako Bibi mdogo alikuwa anaanika matandiko.

"Mama, tumefika," akasema mzee wa punda.

"Naona. Mmefika kufanya nini?"

"Usitutanie bwana. Mtungi uko wapi?"

"Mtungi gani?"

"Nimepita bendera arobaini," mzee akasema. "Nimezihesabu. Kila moja nimemeza mate. Sasa koo limekauka kabisa, na wewe unaniuliza mtungi gani?"

Bibi mdogo aliona watu wanakaribia mia, akaona heri aibu ndogo kuliko kubwa. Akatoa kile alichokuwa nacho ndani. Wakaonja. Vikombe vikashuka kimoja kimoja.

"Mama," mchungaji mmoja akasema, "bendera imetudanganya mara moja. Pombe hii inatudanganya mara ya pili."

"Dada yako angeona haya!" mwingine akapaza sauti kutoka nyuma. "Yule alikuwa anajua!"

Chifu Letlatsa aliitwa. Alikuja haraka, naye ana kikombe mfukoni, nilikiona. Akasema bendera nyeupe ni neno la nyumba, na nyumba haili neno lake. Kwa hiyo siku ya sikukuu nyumba hii itawanywesha watu wote, na iwe pombe ya kweli, la sivyo hakuna mtu atakayekanyaga uani kutazama ukuta wowote, nusu wala mzima. Na aliyesimika bendera asimame mbele ya mkutano aseme kwa mdomo wake.

Akauliza ni nani. Watu wakatazamana. Ikabaki hivyo.

Bibi mdogo amejifunika blanketi tangu jana.

Keneuoe


Ha Ralejoe, 21 Januari 2010

Keneuoe,

Habari ilifika kabla ya barua. Sekake mwenyewe alikuwepo pale na kikombe.

Umeandika, "bendera zikawa zimewekwa." Bendera hazioti kama uyoga. Ni nani? Andika jina. Anza na herufi ya kwanza ya jina lako uone kama mkono unakataa.

Na huyo aliyepiga kelele nyuma alisema nini hasa kuhusu mimi? Niandikie neno kwa neno, usipunguze.

'MaPoloko


Phororong, 26 Januari 2010

Bibi, shikamoo.

Mkono haukukataa. Ni mimi.

Bwana Gerrit alinipa mfuko wa bendera na nyundo, akasema kwa Kiingereza, panda hizi kutoka juu mpaka chini, nyeupe zitaonekana vizuri kwenye majani. Nilijua, Bibi. Mtoto wa miaka mitatu katika nchi hii anajua. Nilifungua mdomo niseme, bwana, hapa nyeupe ina maana nyingine. Kiingereza changu, ambacho mwalimu alikipa alama tisini, kikakaa tumboni. Nikajaribu Kisotho, nacho kikaenda kukaa na mwenzake. Nikasema "yes". Nikapanda bendera ya kwanza nikisema moyoni, ya pili nitamwambia. Nikafika ya arobaini. Ya arobaini niliipigilia kwa nguvu kuliko zote, kwa sababu nilikuwa najipiga mwenyewe.

Neno kwa neno alisema: "Dada yako angeona haya. Yule alikuwa anajua." Kisha mzee wa punda akaongeza, nilikuwa nimeliacha: "Pombe ya 'MaPoloko niliinywa mwaka wa themanini na mbili, na bado naikumbuka kuliko harusi yangu."

Sasa jambo lingine, na hili naliandika kabla sijaogopa. Jana Bibi mdogo alinituma ndani ya sanduku lake la bati nitafute kichujio. Chini kabisa nikakuta kalenda ya duka, ya mwaka 1984. Ina picha ya ukuta huu. Ukuta mzima, Bibi! Upande wa kulia mistari inakwenda kinyume na ya kushoto, kama mtu na kivuli chake, na nyekundu yake sijapata kuiona. Chini imepigwa chapa: "Umechorwa na 'MaSeeng wa Phororong."

Lakini pembeni pameandikwa kwa kalamu ya wino, mwandiko wa Bibi mdogo: "na dada yangu 'MaPoloko, upande wa kulia." Wino una rangi tatu, bluu juu ya nyeusi juu ya bluu nyingine. Kila ulipofifia aliandika upya.

Alinikuta nimeishika. Nilidhani atanipiga. Alikaa juu ya sanduku.

"Dada alikuwa ameenda kuchota maji," akasema. "Mpiga picha alikuwa mgeni, anaongea Kiingereza haraka haraka. Akaniuliza jina, nikamwambia jina. Hakuuliza la mwingine. Nilitaka kusema ngoja, tuko wawili. Nikaona haya. Basi akaondoka."

"Kwa nini hukumwambia Bibi hivyo?"

"Nilikuwa nangoja aniulize."

Bibi, kosa lake ni kosa langu lile lile. Yeye alikosa sentensi moja, mimi nilikosa sentensi moja. Ila mimi wamenijia farasi na punda uani, na yeye amekaa na ukuta mtupu.

Mkutano wa chifu ni tarehe 6. Sijui nitasema nini. Nimefanya mazoezi mbele ya mbuzi, na hata mbuzi waliondoka.

Keneuoe


Ha Ralejoe, 31 Januari 2010

Keneuoe,

Nakuja. Nakuja kwa ajili ya pombe, wala usitafute sababu nyingine ndani ya bahasha. Mtu hawezi kukaa Ha Ralejoe anasikia jina lake linatajwa uani kwa watu na mtungi uko mtupu.

Loweka mtama mwekundu leo hii, debe tatu. Siku ya pili umwage maji, uufunike kwa gunia lenye unyevu mpaka utoe mizizi ya urefu wa ukucha. Kisha uanike, usagwe. Kimea hicho mdogo wangu asikiguse. Anaweza kukitazama.

Kuku hawawezi kubaki peke yao na shule yako inafunguliwa. Kwa hiyo siku nitakayopanda, Jumatano tarehe 10, wewe utateremka. Ndiyo, utaikosa sikukuu. Nimelifikiria hilo siku mbili na sikuona njia nyingine. Pole.

Mbele ya chifu usifanye mazoezi. Fungua mdomo kama mwalimu wetu wa kwaya anavyosema, neno la kwanza likitoka mengine yatalifuata kwa udadisi.

Kuhusu kalenda sina la kusema. Ilitundikwa dukani, posta, kwa mwuza dawa na kwa fundi wa meno. Mwaka mzima. Niling'olewa jino huku naitazama.

Iweke mahali pakavu.

'MaPoloko


Ha Ralejoe, 14 Februari 2010

Shikamoo Bibi. Natumaini umefika salama na magoti yamekubali. Kuku wote wapo. Waziri ameniparua mara mbili. Nimemwambia wewe umeniruhusu kumchinja, tangu hapo ananipisha mlangoni.

Majibu yametoka. Nimefaulu yote, hata Kiingereza, maana walikipima kwa kalamu.

Hatukuweza kuzungumza tulipokutana njiani. Basi lako linapanda, langu linashuka, na madereva wakasimama kwenye kona ya juu kuulizana habari. Ulinipitishia dirishani mfuko wa mahindi ya Waziri na kunieleza kuhusu yule kuku anayetaga darini. Nilikupitishia kalenda. Ulisema, "Nini hiki?" na unajua ni nini. Kisha ukaikalia. Nilitaka kukueleza kuhusu mkutano, lakini Sekake akapiga honi.

Basi nakueleza sasa. Watu walikuwa mia mbili. Bwana Gerrit alikuwepo, mzee wa punda na punda wake pia. Chifu akauliza ni nani. Nikafungua mdomo, pakatoka upepo. Nikaufungua tena nikasema, "Ni mimi. Nilijua maana yake na nikaona haya kusema." Kisha nikamgeukia Gerrit nikasema yote tena kwa Kiingereza, na nikaongeza kwamba bluu haina maana yoyote, atumie bluu.

Gerrit akauliza, "Kwa nini hukuniambia?"

Nikasema, "Ndiyo nakuambia."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Mzee wa punda akasema, "Mtoto huyu ana sauti! Nilidhani ni wa kuchongwa." Chifu akasema kosa limekwisha, deni la mtungi limebaki. Nilikaa chini nikagundua nimeshika mkia wa punda muda wote.

Leo ni Jumapili. Hapa ni kimya. Nawaza sasa hivi mko wawili mbele ya ukuta ule na mimi niko hapa namtazama Waziri. Niandikie. Sijali habari za afya, anza na ukuta.

Keneuoe


Phororong, 1 Machi 2010

Mjukuu wangu Keneuoe,

Afya ni nzuri. Kuna utaratibu wa barua na sitauvunja kwa ajili yako. Nimefurahi umefaulu. Waziri usimchinje.

Nilipofika mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja kwa pombe."

"Basi ingia, pombe haiko nje."

Ndivyo tulivyosalimiana baada ya miaka ishirini na sita. Niliketi, nikatoa kalenda nilipokuwa nimeikalia, nikaiweka mezani ikiwa imejikunja. Yeye akaitazama, mimi nikatazama dirisha. Kisha akasema, "Nilitaka kumwambia angoje." Nikasema, "Nami nilikuwa na ndoo mbili, ningefika mapema kama ungepunguza kunituma." Akacheka. Anacheka kama mama, nilikuwa nimesahau. Halafu nikauona uma kwenye beseni la udongo, nikamwambia uma huo urudi jikoni.

Kimea chako kilikuwa kizuri. Kizuri kupita nilivyotegemea, siongezi neno. Mitungi ilikuwa tisa. Mzee wa punda alikunywa kikombe cha kwanza, akavua kofia. Chifu alikuja kukagua mara sita.

Ukuta tuliumaliza Ijumaa jioni, mikono yote imepasuka. Siku ya sikukuu yule mama wa Durban akaja akasimama, akasikitika kweli kweli. Kwa maneno ya Gerrit, alisema nusu tupu ilikuwa na uzito zaidi. Mdogo wangu akauliza, "Anasemaje?" Nikamwambia, "Anasema imeisha."

Mpiga picha mmoja naye akaja, kijana, akauliza jina. Mdogo wangu akamshika mkono wa koti kama polisi. "Andika," akasema. "Hutoki hapa kabla sijaona umeandika. Sisi tuko watatu." Akamtajia lake, langu na lako. Kijana akauliza wa tatu yuko wapi. Tukamwambia analisha kuku.

Jumatatu mchana mvua ikaja. Si manyunyu, mvua yenyewe. Unajua wanavyosema, ukuta ukichorwa vizuri waliotutangulia huomba mvua ili waufute. Tulitoka na mablanketi yetu tukasimama uani, tukatazama nyekundu yangu inashuka mlangoni kama uji, na mistari yake inaifuata. Kazi ya siku tisa ilikwenda kwa saa moja. Mdogo wangu akasema, "Wameipenda." Tukarowa kabisa.

Mto ulijaa. Bwana Gerrit akaja akapiga hodi. Sitaeleza kila kitu. Niliingia kwenye boti na kofia ngumu kichwani, mdogo wangu mbele, mimi nyuma, na tulipoanguka kwenye poromoko la pili nilifungua mdomo namna ambayo mwalimu wa kwaya angelia kwa furaha. Magoti hayajasema kitu mpaka leo. Usimwambie mtu wa kanisa.

Sirudi wiki hii. Pengine hata ijayo. Tumeshapaka udongo mpya kwa ajili ya Pasaka, yeye upande wake, mimi wangu. Ila juu ya mlango, pale nusu mbili zinapokutana, tumeacha kipande kitupu, upana wa mikono miwili. Wageni wameanza kukipiga picha na kusema maneno. Sisi hatukigusi. Si chetu.

Shule ikifunga, mpe jirani funguo, mfunge Waziri kamba, upande basi. Lete udongo mwekundu wa kile kilima nyuma ya kanisa, mfuko mmoja unatosha.

Uma usilete.

Bibi yako,
'MaPoloko
na mdogo wangu 'MaSeeng, upande wa kushoto